Warigia wa Munyaka na Swali la Baba Yake

Ukipita Munyaka, mtaa wetu hapa Eldoret, asubuhi ya siku ya shule, utamsikia Warigia kabla hujamwona. Anafundisha chekechea, lakini michezo ya shule nzima ni yake, kuanzia wale wadogo wa kukimbiza tairi hadi wale wakubwa wenye miguu mirefu kama ngazi. "Inua goti! Inua goti, wewe! Unakimbia ama umetumwa chumvi?" Kina mama wanaouza mboga nje ya ukuta wanacheka, kisha na wao wanajikuta wamekaa wima.

Ana watoto wawili, na mume mpole anayepima mashamba ya watu kutoka hapa hadi Moi's Bridge. Ukiwaona Jumapili wakitoka kanisani utafikiri watu hawa walipatana kirahisi. Hapana. Karibu wakosane kabisa, na si kwa sababu ya pesa wala ya mwanamke mwingine. Ni kwa sababu ya swali la maneno manne ambalo baba yake Warigia, Mzee Joseph, alilibeba kifuani miaka mitano. Sogeeni basi niwaeleze.

Zamani Mzee Joseph hakuwa mtu wa Munyaka. Alikuwa na kinu cha kusaga mahindi karibu na Cheptiret, kando ya barabara kuu, na watu wa pande zile zote walikula ugali uliopitia mikononi mwake. Uchaguzi wa elfu mbili na saba ulipofika, alikubali kuwa wakala wa chama kimoja kwenye kituo cha kura. Jirani yake, Diwani Birgen, alikuwa akitafuta kura za chama cha upande wa pili. Hilo halikuwazuia kutaniana. Birgen akileta mahindi, Joseph humwambia, "Diwani, leo nakusagia pamoja na mawe, upate nguvu ya kushindwa." Naye Birgen hujibu, "Saga tu, nitakula nikiwa nimeshinda."

Kisha matokeo yakatangazwa, na mnajua yaliyofuata: majirani wakageukana kwa ajili ya kabila, nyumba zikachomwa. Moshi ulipoanza kuonekana juu ya paa za majirani, Joseph alimchukua mkewe Mwihaki na binti yao Warigia, wakati huo msichana wa miaka kumi na sita, wakaenda moja kwa moja hadi geti la Birgen. Birgen alikuwa na pikapu. Tena Joseph alikuwa amemsagia mahindi miaka kumi na mmoja, na mtu wa namna hiyo unamwona kama ndugu.

Aliyekuja getini ni kijana wa diwani, Kipyego, rika moja na Warigia. Hakufungua. Alisema, "Baba hayuko."

Pikapu ilikuwa uani. Gamubuti za diwani zilikuwa mlangoni, zina tope bichi. Na pazia la sebuleni lilitikisika, ingawa siku hiyo hakukuwa na upepo.

Joseph alitazama vitu hivyo vitatu, kimoja kimoja. Akamwambia kijana, "Sawa. Msalimie akirudi." Wakageuka, wakakata mashamba kwa miguu hadi Eldoret.

Walikaa kwenye hema pale uwanja wa maonyesho miezi mingi. Kinu kilikuwa kimechomwa. Lakini Joseph si mtu wa kulala chini. Walihamia Munyaka, akaanza na kinu kidogo cha kukodisha, akawa mzee wa kanisa, akarudi kutania wateja. Kulipiza kisasi hakukumpitia akilini, na watu wakimwuliza kama anataka kulipwa alisema hataki. "Mimi nataka kumwuliza tu," alikuwa akimwambia Mwihaki. "Nimwulize, 'Ulikuwa nyumbani siku ile?' Halafu anijibu kwa mdomo wake. Basi."

"Na unajua alikuwa," Mwihaki humjibu.

"Najua. Nataka yeye ajue kwamba anajua."

Miaka ikaenda. Elfu mbili na kumi na moja, Warigia alikuwa chuo cha ufundi pale mjini, anasomea ualimu wa chekechea, na ndiye aliyekuwa mkimbiaji wao bora wa mita mia nane. Jambo hilo liliwachekesha watu sana, maana Eldoret hii yetu ukisema mkimbiaji, watu wanategemea jina la kabila la kina Birgen. Wasichana aliowaacha nyuma walimwambia, "Warigia, wewe ulizia kwenu vizuri. Kuna babu yako alipotelea Iten kwa wakimbiaji." Naye akawajibu, "Alipotea akiwafundisha babu zenu kukimbia."

Asubuhi moja alifika uwanjani kabla ya wenzake, akamkuta kijana ameinama anachora mistari kwa chokaa. Kijana alikuwa mrefu, mweupe hadi kwenye nyusi kwa vumbi la chokaa. Alipoinua uso, Warigia alimjua mara moja.

Hakumsalimu. Alimwuliza, "Baba yako amerudi?"

"Baba yangu?"

"Uliniambia hayuko. Nauliza kama amerudi."

Kopo la chokaa lilimtoka Kipyego mkononi, likachora mstari ambao hauko katika mchezo wowote. Akasema, "Alikuwa ndani. Alinituma niseme hayuko, na mimi nikasema. Uso wako pale getini sijausahau hata siku moja."

Warigia alikuwa amejiandaa kwa maneno mengine: kwamba hajui anaongea nini, kwamba zilikuwa siasa, kwamba yaliyopita yamepita. Hilo hakulitegemea. Aliondoka, akakimbia raundi sita kwa hasira, na katika kila raundi alilazimika kupita mbele yake.

Kipyego alikuwa anasomea upimaji wa ardhi, ndiyo maana Mwalimu Ogola, mkufunzi wa riadha, alimpa kazi ya uwanja na saa. Kukimbia mwenyewe alikuwa hawezi kabisa. Alikuwa na jina na miguu, lakini vilikuwa havijatambulishana. Akijaribu, magoti yanagombana.

Siku za tizi, yaani mazoezi, zikapita. Yeye anapiga muda, Warigia anakimbia, na maneno yao yalikuwa ni nambari tu. "Mbili na kumi." "Rudia." "Mbili na tisa." "Rudia." Hata hivyo mtu akikupigia muda kila asubuhi wiki baada ya wiki bila kukuongezea wala kukupunguzia hata sekunde, unaanza kumzoea.

Ndipo likaja lile jambo la kamba. Chuo kilikuwa kimealika vyuo vingine, na uwanja ulitakiwa kuchorwa upya wote. Tepu ya chuma ilikuwa imefungiwa stoo, na mwenye ufunguo alikuwa amesafiri. Kipyego alikuwa na kamba ya mkonge aliyoipima kwa tepu hiyo hiyo siku mbili kabla na kuifunga fundo mahali pake, mita thelathini na sita na nusu kamili, ya kuzungushia zile kona. Usiku mvua ikanyesha, na kamba ilikuwa imelala nje. Asubuhi akasimika kigingi, akazunguka nayo ikiwa imelowa chapachapa, akachora. Mwanafunzi wa kupima ardhi alisahau kitu ambacho kila mchunga ng'ombe wa kwao anakijua: kamba ya mkonge ikilowa, hujivuta ikawa fupi.

Mchana ule Warigia aliruka kama ametoka kwenye manati. Alimaliza kwa muda ambao hakuna msichana wa chuo chochote cha pande hizi alikuwa ameufikisha. Walimbeba juu juu. Mwalimu Ogola, mtu mzito wa kutoka kule ziwani, alicheza dansi hadi kiatu kikamtoka. Mkuu wa chuo akatangaza kwamba msichana huyu atapelekwa mashindano ya taifa.

Siku ya pili kamba ilikuwa imekauka. Kipyego akaiweka juu ya mstari wake mwenyewe, na fundo likapita mstari zaidi ya mita nzima. Akaketi pale pale kwenye nyasi. Kisha akaenda kugonga mlango wa Ogola.

"Mwalimu, uwanja ni mfupi."

"Mfupi vipi? Kuna mtu ameukata akaenda nao?"

Akamweleza. Ogola akavua miwani. "Nani mwingine anajua?"

"Mimi na kamba."

"Kamba haiongei, kijana wangu."

"Ndiyo, mwalimu. Kwa hivyo nimebaki mimi."

Jumatatu, mbele ya chuo kizima kwenye paredi, Kipyego alisimama akasema kosa ni lake, kila raundi ilipungua mita kama nane, na muda ule si halali. Walimzomea vibaya. Wengine wakasema anamwonea msichana kwa ajili ya kabila. Wengine wa kwao wakasema ni mjinga, angenyamaza apate sifa za bure. Warigia alimfuata nyuma ya darasa.

"Umeninyang'anya rekodi yangu mbele ya watu!"

"Nitapima tena kwa tepu. Ukimbie tena."

"Na nisipofikisha?"

"Usipofikisha, basi. Lakini mita zitakuwa mia nane."

Alitaka kumpiga kofi. Badala yake akacheka, na akishaanza kucheka Warigia hawezi kuacha, mnamjua. Wiki mbili baadaye alikimbia tena. Alichelewa kuliko ile siku ya kwanza kwa sekunde moja na kidogo, lakini muda wake bado ulitosha kumfikisha mashindano ya taifa, na huko akamaliza wa nne. Walipotoka uwanjani siku ile ya kurudia mbio walienda pamoja kwenye kibanda cha chai nje ya geti la chuo, wakala mandazi sita, na tangu hapo hawakuwa tena watu wa nambari tu. "Sikumpendea sura," Warigia huwaambia wanaomwuliza. "Mmemwona."

Kazi ikawa ni kumwambia baba.

"Baba, kuna mtu."

Mzee Joseph alikuwa anakunywa chai. "Wa wapi?"

"Wa Cheptiret."

Kikombe kikashuka mezani. "Wa nani?"

"Wa Birgen."

Mwihaki alikuwa jikoni, na hata huko sufuria zilinyamaza. Habari za kamba zilikuwa zimezunguka mji mzima, hadi kinuni kwa Joseph watu walizicheka. Akauliza, "Ndiye huyu aliyesimama paredi akajitaja?"

"Ndiye, baba."

"Kijana sina neno naye. Kijana aje. Lakini aje na baba yake, na mimi nitamwuliza yule mzee kitu kimoja. Asiponijibu, wasilete hata kuku, na wewe utanisamehe. Sitapokea mkono wa mtu ambaye hayuko nyumbani kwake."

Sasa oneni mambo ya dunia. Kufika mwisho wa elfu mbili na kumi na mbili, wakubwa wa siasa waliokuwa pande mbili walikuwa wameungana. Picha zao ziliwekwa pamoja kwenye ukuta mmoja, wanacheka meno yote. Birgen alikuwa anatafuta kiti kwenye bunge jipya la kaunti, na kwenye wadi yake kulikuwa na watu wa kabila la Joseph waliorudi mashambani, wenye kura zao. Basi majirani wa Munyaka wakapata la kusema. "Mzee Joseph, unaletewa mahari ama kampeni?" Joseph akawajibu, "Wale wa kwenye picha walishikana mikono yao. Wangu haujashikwa bado."

Wageni walikuja Jumamosi moja ya Desemba. Pikapu mbili, wazee saba na akina mama wanne. Kipyego alikuwa na suti iliyomzidi. Walileta blanketi, sukari na kreti nane za soda, zikapangwa katikati ya ua. Sasa, kwa desturi ya kina Joseph, kinywaji walicholeta waposaji hakiguswi. Kinakaa pale hadi baba amwite binti yake mbele ya watu amwulize kama kinywewe au kisinywewe. Akisema kinywewe, amekubali. Akinyamaza, wageni wanabeba kreti zao na kurudi nazo. Kila mtu upande wa Munyaka alilijua hilo tangu utotoni, kwa hiyo hakuna aliyefikiria kuwaeleza wageni.

Jua likawa kali. Wazee wakaongea habari za mvua, za bei ya mbolea, za koo. Birgen aliongea vizuri, sauti ya mikutano ya hadhara, akataja umoja mara nyingi. Joseph akangoja amalize, kisha akasema, "Asante, mzee. Mimi nina swali moja kabla ya mengine. Ulikuwa nyumbani siku ile?"

Birgen akapangusa paji la uso. "Mzee Joseph, siku zile zilikuwa mbaya kwa kila mtu. Sote tuliumia. Leo tumekuja kwa ajili ya watoto, tuangalie mbele…"

"Naangalia mbele. Naona wewe tu."

Watu wakakohoa. Mzee mmoja akarudi kwenye mbolea. Swali likabaki limeketi pale katikati na soda, na dakika zikapita, nusu saa, zaidi. Warigia alikuwa jikoni, amesimama nyuma ya mlango na shangazi zake, ameshika leso kwa meno. Alijua baba yake hatarudia swali, na alijua asipojibiwa ataaga wageni kwa heshima zote na mambo yameisha.

Miongoni mwa wageni kulikuwa na Mzee Chumo, mdogo wake Birgen, mtu mnene na mwenye roho safi, ambaye tangu asubuhi alikuwa ametazama zile kreti kama mtu anayetazama mto kutoka ng'ambo. Akafikiri, kama wengi wetu tungefikiri, kwamba soda ni za kunywa, na kwamba wenyeji wanaona haya kuanza. Akainuka, akachukua chupa moja ya machungwa, akaing'oa kifuniko kwa meno, na kwa pumzi moja akaimaliza nusu.

Mwihaki alipiga yowe. Shangazi mmoja akashika kichwa. "Amekunywa! Binti hajaulizwa, na amekunywa!"

Mzee Chumo akasimama na chupa mdomoni, hajui ameua nani.

Msemaji wa nyumba ya Joseph akaeleza desturi kwa sauti ya hakimu, akasema kosa hilo lina faini ya mbuzi dume. Na hapo Birgen, mtu wa siasa aliyezoea kuzima moto wa mikutano, akaruka juu haraka haraka, mikono yote miwili mbele. "Samahani, samahani sana wazee wangu! Tumekosea. Ndugu yangu hakujua, lakini kosa ni kosa, nami ndiye mkubwa, nalichukua mimi. Mbuzi tutaleta. Mtusamehe."

Joseph alikuwa anamtazama bila hasira, karibu kwa huruma.

"Unaona, Birgen," akasema polepole. "Kwa ajili ya soda umeweza. Tena umesema vizuri."

Birgen alibaki amesimama. Mikono ilishuka taratibu. Mbele yake kulikuwa na wazee wake mwenyewe, wengine wao watu wa kampeni yake, na walikuwa wakimfanyia ishara aketi. Hakuketi. Alipoongea tena, ile sauti ya mikutano haikuwepo.

"Nilikuwa nyumbani. Nilikuwa nyuma ya pazia. Niliwaona wote watatu, wewe na mama na huyu msichana. Pikapu ilikuwa na mafuta. Niliogopa vijana wangenichomea mimi pia, na niliogopa nikionekana nimekubeba sitachaguliwa tena. Nikamtuma mtoto aseme uongo. Mlipogeuka nilitaka kuwaita. Sikuita. Nimekosa, Joseph. Na nimemkosea huyu kijana wangu pia."

Kipyego alikuwa ameinamisha kichwa, suti imempanda masikioni.

Mzee Joseph alikaa. Alikaa muda ambao Warigia, nyuma ya mlango, anasema ulikuwa mrefu kuliko mita mia nane zozote alizowahi kukimbia. Kisha akavuta pumzi kama mtu aliyetua gunia, akainua sauti kuelekea jikoni.

"Maitu!" Humwita hivyo, yaani mama yangu, kwa kuwa Warigia alipewa jina la mama yake Joseph. "Njoo hapa."

Warigia akatoka akiwa ameacha leso na viatu pia.

"Watu hawa wameleta kinywaji," Joseph akasema. "Mmoja wao amekwisha kunywa, huyo tutaonana naye baadaye. Nakuuliza kuhusu hizi zilizobaki. Zinywewe ama zisinywewe?"

Warigia hakumtazama Kipyego. Alimtazama baba yake. "Wewe umeridhika, baba?"

"Mimi leo sijaulizwa. Wewe ndiye umeulizwa."

"Basi kunyweni," akasema, na sauti yake ile mnayoijua ikamrudia. "Kunyweni haraka, zimeshakuwa chai!"

Vigelegele vilisikika hadi barabarani. Mzee Chumo, kwa kuhakikisha, aliuliza kwanza kama sasa anaruhusiwa kumalizia nusu yake, na akina mama wakacheka hadi mmoja akaketi chini. Joseph akafungua chupa mbili, akavuta kiti chake hadi karibu na cha Birgen, akampa moja. Birgen alipoipokea, soda ikammwagikia suruali, na Joseph akajifanya hajaona.

Machi iliyofuata Birgen alishindwa kile kiti. Wako waliosema ni maneno ya siku ile yaliyomwangusha, kwamba diwani mzima hajitaji mbele ya watu. Jioni ya matokeo alimpigia simu Joseph mwenyewe.

"Nimeshindwa, mkwe."

"Nimesikia redio. Uko wapi?"

"Niko nyumbani."

"Basi kaa hapo hapo," Joseph akamwambia, akitafuta kofia yake. "Nakuja."